Moyo Ukisimama, Uhai Hukaa Wapi?

Ndugu msomaji, miongoni mwa barua zilizofika mezani pangu mwezi huu imo moja itokayo Bugene, wilayani Karagwe, ambayo nimeisoma mara tatu kabla ya kuthubutu kuijibu. Imeandikwa na kijana kwa niaba ya mama yake, naye mama huyo ni bibi mwenye mjukuu wa kike wa miaka saba. Mtoto huyo huchoka upesi kuliko wenzake. Akikimbia hutweta, na vifua havimwachi. Daktari alipomsikiliza kifuani alisikia mvumo usiopasa kuwapo. Baada ya safari ya Bukoba na kipimo cha picha ya moyo, jamaa wakaelezwa kwamba ukuta unaotenga vyumba viwili vya juu vya moyo wa mtoto una tundu, na kwamba itawapasa waende Dar es Salaam akapasuliwe.

Hayo bibi aliyapokea. Lililomnyima usingizi ni maelezo yaliyofuata: kwamba moyo wa mtoto utasimamishwa, damu yake itatolewa mwilini, ipite katika mashine, kisha irudishwe. Anauliza, “Moyo wake ukisimama, uhai wake utakuwa umekaa wapi?” Na lipo swali la pili, ambalo kijana ameliandika chini kabisa kana kwamba analionea haya: kama kinachotakiwa ni mashine, kwa nini isiletwe mashine Karagwe, badala ya mtoto mgonjwa kusafirishwa zaidi ya kilomita 1,300?

Swali hilo la pili halina sababu ya kuonewa haya hata kidogo. Wahandisi na madaktari wa nchi tajiri wamelihangaikia kwa zaidi ya nusu karne, nao hawajalimaliza.

Kwanza tuutazame moyo wenyewe. Ni pampu mbili zilizoungana ubavu kwa ubavu. Ile ya kulia hupokea damu iliyochoka kutoka mwilini na kuisukuma mapafuni; huko damu hutua hewa ya ukaa na kuchukua oksijeni. Ile ya kushoto huipokea damu hiyo iliyoburudika na kuisukuma mwili mzima. Kwa mtu mzima aliyetulia, kazi hiyo ni lita tano hivi kila dakika, usiku na mchana. Ubongo ukikosa damu hiyo kwa dakika nne au tano huanza kuharibika. Fikiri basi, msomaji, juu ya fundi anayetaka kushona kiraka ndani ya moyo. Hawezi kushona kitu kinachorukaruka na kilichojaa damu. Na akikisimamisha, ana dakika nne tu. Ndiyo sababu kwa karne nyingi madaktari waliufungua mwili karibu kila mahali, lakini moyo wakauacha.

Aliyeliwaza jambo hili hadi mwisho ni John Gibbon, daktari wa Marekani. Mwaka 1931, akiwa kijana katika hospitali ya Boston, aliwekwa kumwangalia usiku kucha mama mmoja ambaye bonge la damu lilikuwa limemziba njia ya mapafuni. Akaiona damu ya mgonjwa ikizidi kuwa nyeusi, na mishipa ikivimba, wala hana la kufanya. Mama yule alifariki. Gibbon akajiuliza: je, tungeweza kuichota ile damu nyeusi mshipani, tukaitia oksijeni nje ya mwili, tukairudisha upande wa pili? Alilitumikia wazo hilo kwa miaka 22, pamoja na mkewe Mary aliyekuwa msaidizi wake katika maabara, wakiwajaribu paka. Tarehe 6 Mei 1953, mjini Philadelphia, mashine yao ilishika kazi yote ya moyo na mapafu ya msichana wa miaka 18 kwa dakika 26, huku Gibbon akiziba tundu katika ukuta wa vyumba vya juu vya moyo wake. Msichana akapona. Bibi wa Bugene na atambue hapa kwamba ugonjwa wa mjukuu wake ni ule ule ambao mashine hii iliutibu kwa mara ya kwanza duniani.

Lakini nisikufiche. Watoto ambao Gibbon aliwapasua baada ya msichana yule hawakupona, naye akaiweka mashine yake kando. Ilikuwa dude kubwa kama piano, lenye kuhitaji damu nyingi ya watu wengine kabla halijaanza hata kuzunguka.

Mwaka uliofuata, huko Minneapolis, Walton Lillehei alijaribu njia ambayo kila mzazi asomaye ukurasa huu ataielewa bila mwalimu. Alimlaza mtoto kwenye meza moja na baba au mama yake kwenye meza ya pili, akaunganisha mishipa yao kwa mipira, mapafu na moyo wa mzazi vikamfanyia kazi mtoto. Mzazi ndiye aliyekuwa mashine. Watoto 45 walipasuliwa hivyo katika miaka ya 1954 na 1955, na 28 wakarudi nyumbani. Mama mmoja aliyejitoa kwa ajili ya mwanawe aliharibika ubongo. Watu walimlaumu Lillehei kwa kubuni upasuaji ambao ungeweza kuua watu wawili kwa mara moja; mimi kila nikifikiria wazazi wale walioingia wenyewe chumbani kwa miguu yao, hukosa la kusema.

Mashine ikashinda hatimaye, nayo ina viungo viwili vikubwa: pampu badala ya moyo, na pafu la bandia badala ya mapafu.

Pampu iliyotumika kwa miaka mingi, na inayotumika bado katika vyumba vingi vya upasuaji, ni rahisi mno. Mama yeyote aliyewahi kusafisha utumbo wa ng'ombe anaifahamu. Huubana utumbo kwa vidole viwili, akavivuta vidole kuelekea mwisho, na kilichomo ndani hutangulia mbele. Mashine hufanya vivyo hivyo: magurudumu madogo huubana mpira wenye damu na kuviringika juu yake. Chuma hakigusi damu. Ila kila mbano huziumiza kidogo chembe nyekundu, na mbano huo ukirudiwa siku nzima, chembe hupasuka, rangi yake humwagika katika majimaji ya damu, na mkojo wa mgonjwa hugeuka kama chai ya rangi. Kwa kazi ya saa mbili tatu si neno. Kwa siku kumi ni hatari.

Kwa hiyo ikabuniwa pampu ya namna nyingine. Yazungushe maji katika beseni, utayaona yakikimbilia ukingoni na kupanda. Ndani ya kikombe kidogo cha plastiki, kinachoweza kukaa kiganjani, kuna gurudumu lizungukalo mara elfu kadhaa kwa dakika. Damu huingia katikati na kutupwa ukingoni, huko ikakuta mlango wa kutokea. Katika pampu mpya zaidi, gurudumu hilo halina ekseli wala beringi, bali huelea ndani ya damu kwa nguvu za sumaku. Hilo si pambo. Palipo na ekseli pana msuguano, palipo na msuguano pana joto, na penye joto na kona iliyotulia damu huganda.

Pafu la bandia lilikuwa gumu zaidi. Mapafu yetu yametandazwa ndani kwa vifuko vidogo mno, na lau kuta za vifuko hivyo zingekunjuliwa zingefunika mita za mraba 70 hivi, yaani sakafu ya nyumba nzima ya vyumba vitatu. Nani ataweza kuijenga nyumba hiyo ndani ya kopo? Mwanzoni hawakujaribu, walipuliza oksijeni moja kwa moja katika damu ikatoka mapovu, kisha wakayaondoa mapovu. Njia hiyo ilisaidia upasuaji mwingi, lakini povu nalo huharibu damu baada ya saa chache.

Fununu ya njia bora ilikwisha kuonekana Uholanzi wakati wa Vita Kuu ya Pili, pale Willem Kolff alipotengeneza figo ya bandia kwa selofani ile ya kufungia soseji. Aliona damu ikiingia nyeusi na kutoka nyekundu: oksijeni ilikuwa ikipenya utando na kuingia yenyewe. Wengine wakalifuata jambo hilo, kwa plastiki, kisha kwa silikoni, na siku hizi kwa nyuzi nyembamba zenye uwazi katikati, kama maelfu ya mirija myembamba iliyofumwa kama mkeka. Hewa hupita ndani ya mirija, damu hupita nje yake, na hazigusani. Pafu la mtu mzima la namna hii lina eneo la mita za mraba mbili hivi, nalo huingia katika kopo lisilozidi ukubwa wa jagi. Utauliza, zile 70 zimekwenda wapi? Jibu ni kwamba mgonjwa amelala, hapandi mlima wala halimi. Tena mashine hupewa oksijeni tupu, ilhali hewa tuivutayo sisi ina oksijeni sehemu moja tu kati ya tano. Na mafundi wameipanga mirija hiyo ili damu ijichanganye ipitapo, pasiwe na tone linaloteleza katikati bila kugusa utando.

Utando ndio ulioiwezesha mashine kutoka chumba cha upasuaji. Mwaka 1971, huko California, kijana aliyeumia katika ajali ya pikipiki, mapafu yake yakiwa yamekata tamaa, aliwekwa kwenye mashine ya namna hiyo kwa saa 75 mpaka yakazinduka. Mwaka 1975, huko huko California, Robert Bartlett na wenzake walimwokoa kichanga aliyekuwa ameachwa hospitalini na mama yake. Wauguzi walimpa jina la Esperanza, maana yake kwa Kihispania ni Tumaini. Siku hizi wapo wagonjwa wanaokaa na mashine kwa wiki kadhaa. Haiwaponyi. Huwapa nafasi ya kupona, au huwapa madaktari nafasi ya kufanya jambo jingine, na nafasi hiyo isipopatiwa matumizi, mashine haina msaada.

Sasa tufike kwenye udogo, ambao ndio moyo wa swali la Karagwe.

Watu hudhani mashine hupunguzwa ili ibebeke. Ni kweli, ila sababu iliyo kubwa zaidi ni damu yenyewe. Kichanga wa kilo tatu ana damu mililita 250 hivi mwilini mwake mote. Haijazi hata chupa moja ya soda. Mashine haiwezi kufanya kazi ikiwa tupu, kwani hewa ikiingia mishipani huua. Sharti mipira, pampu na pafu vijazwe kwanza. Kama ujazo huo ni nusu lita, basi mtoto yule mara damu yake ikianza kuzunguka, sehemu kubwa ya kilichomo mwilini mwake ni cha watu wengine. Mafundi wamekwangua kila mililita: wameisogeza pampu karibu na kitanda ili mpira uwe mfupi, wamepunguza kipenyo chake, na yapo mapafu ya vichanga ambayo hujaa kwa chini ya mililita 50. Mjukuu wa Bugene, akiwa na kilo 20 tuseme, ana damu kama lita moja na nusu. Afadhali yake, lakini hata kwake ufupi wa mpira ni faida.

Tena damu haipendi ugeni. Ikigusa kitu kisicho mshipa, huanza kuganda kana kwamba kuna jeraha. Kwa hiyo mgonjwa hupewa heparini ya kuizuia isigande, na akizidishiwa, hutoka damu ovyo. Akipunguziwa, mashine huziba. Anayeendesha mashine hupima damu tena na tena, akitembea juu ya kamba hiyo kwa muda wote. Mpira ukipungua mita moja, ugeni nao umepungua.

Leo basi zipo mashine za kusukuma damu na kuitia oksijeni zenye uzito wa kama kilo 10, nusu ya ndoo ile kubwa ya maji, nazo hupakiwa katika gari la wagonjwa au ndege pamoja na mgonjwa. Kwa hiyo, bibi, ukitaka jibu la mashine peke yake: naam, yaweza kufika Bugene. Ingepanda gari, ikapita Bukoba, ikawasili.

Lakini tuifuate hadi hospitalini, tuone itakutana na nani. Itahitaji umeme usiokatika hata dakika chache, maana betri yake ni ya safari, si ya kukaa. Itahitaji oksijeni mfululizo. Nasi tuliona wakati wa UVIKO-19, mwaka 2020 na 2021, jinsi dunia ilivyoishiwa na hewa hiyo iliyo rahisi kuliko mashine yoyote. Itahitaji maabara inayojibu kwa dakika, akiba ya damu ya makundi yote, mabomba na mapafu mapya kwa kila mgonjwa, kwani hayatumiki mara mbili. Na itahitaji watu: mpasuaji na wasaidizi wake, mtoa nusukaputi, wauguzi wa wodi ya mahututi wa zamu tatu, na yule mtaalamu wa kuendesha mashine ambaye watu wa magazeti husahau kumtaja. Huyo huwezi kumfanya awe mdogo ili aingie kwenye sanduku. Tena hawezi kuuweka ujuzi wake akimpata mgonjwa mmoja kwa miezi sita. Kazi hii hutaka mkono uzoee.

Nchi yetu ilianza upasuaji wa kufungua moyo Muhimbili mwaka 2008. Kabla ya hapo wagonjwa walipelekwa ng'ambo, hasa India, nao wachache. Mwaka 2015 ikaanzishwa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, pale pale Muhimbili. Kwa maoni yangu kukusanya wataalamu mahali pamoja hakukuwa kosa, ingawa gharama ya uamuzi huo hulipwa na mtu wa Karagwe kwa nauli, kwa siku za safari, na kwa mibuni isiyochumwa akiwa hayupo. Hilo lazima lisemwe. Anayekaa Kariakoo hufika kliniki ya moyo kwa daladala.

Kuna kitu kidogo kuliko mashine zote ambacho Bugene inaweza kuwa nacho leo. Mioyo mingi inayofunguliwa katika nchi zetu haikuzaliwa na tundu. Iliharibika baadaye kwa homa ya baridi yabisi, inayofuata maambukizo ya koo yasiyotibiwa utotoni. Sindano za penisilini hutibu koo hilo, na mtoto aliyekwisha kupata homa hiyo akichomwa kila baada ya wiki tatu au nne hukingwa isimrudie. Ndugu mzazi, usilidharau koo la mtoto lenye homa. Na kwa akina mama wanyonyeshao: mtoto anayetoka jasho na kusita-sita akinyonya, asiyeongezeka uzito, anayepumua mbio akiwa amelala, au ambaye midomo yake hugeuka buluu, asikilizwe moyo bila kungoja amalize dawa ya kikohozi.

Nirudi kwa mjukuu. Matundu mengine ya namna yake siku hizi huzibwa kwa mrija unaopitishwa katika mshipa wa paja, bila kufungua kifua. La mtoto huyu, kwa maelezo ya barua, madaktari wameona lilivyo halifai kwa njia hiyo. Basi siku ya upasuaji atalazwa usingizi. Atapewa heparini. Mirija itawekwa katika mishipa mikubwa iliyo karibu na moyo, na mashine itaanza polepole hadi ichukue mzigo wote. Mwili utapoozwa kidogo ili mahitaji yake ya oksijeni yapungue. Kisha moyo utapewa maji yenye chumvi ya potasiamu, nao utatulia. (Ndiyo, ni potasiamu ile iliyomo katika ndizi za Karagwe, lakini mtu mwenye figo nzima asiache ndizi zake kwa hofu, kiasi na njia ni tofauti kabisa.) Tundu litashonwa. Halafu damu yenye joto itaruhusiwa kupita tena katika mishipa ya moyo wenyewe, potasiamu itaoshwa, na mara nyingi moyo huanza kupiga bila kuambiwa. Mashine haizimwi ghafula. Mwendeshaji huipunguza kidogo kidogo, akitazama kama moyo unaupokea mzigo, na usipoupokea huongeza tena na kuupumzisha.

Bibi ameuliza uhai utakuwa umekaa wapi. Sitaki kujifanya mwanachuoni wa roho. Ninaloweza kusema ni kwamba ubongo wake, figo zake na ini lake havitajua kwamba moyo umesimama, kwa kuwa damu nyekundu itaendelea kuvifikia dakika kwa dakika. Na kwamba kwa muda wote huo atakuwapo mtu aliyeketi kando ya mashine, macho yake kwenye kiwango cha damu katika chupa, asiyeruhusiwa kuinuka hata kwa kikombe cha chai.

Kijana ameongeza mwishoni kwamba wajomba watatu wa mtoto wako tayari kutoa damu, na anataka kujua kama watoe Bugene ikabebwe. Haibebwi mfukoni, ndugu yangu. Wale watakaosafiri na mtoto wamwulize daktari mapema, watoe huko huko siku za kabla ya upasuaji. Na wale watakaobaki waende kwa watu wa Mpango wa Taifa wa Damu Salama au hospitali iliyo karibu nao, watoe kwa ajili ya yeyote atakayeihitaji. Wanywe maji ya kutosha, wale kwanza, na siku ile wasishike jembe.